Bahari Ilipopiga Hodi

Sogeeni mkekani, nasimulia mara moja tu, kesho kuna shule.

Zimwi lilikuja pwani, likang'oa mikoko yote, likajenga maghorofa pale maji yalipozoea kulala, likazungusha ukuta.

Jioni moja Mwanakombo, mama wa watoto watatu, akasikia, "Hodi!" Akajibu kama tunavyojibu sote kabla ya kutazama: "Karibu!"

Ikaingia bahari, imejikunyata kwa aibu.

"Mama, nilipokuwa nikilala pamejengwa. Nipe ua tu."

Akaipa ua.

Kesho yake: "Hodi! Ua hautoshi." Ikachukua jiko, na mafiga yakazama.

Siku ya tatu: "Hodi! Jiko halitoshi." Ikataka chumba cha watoto.

Mwanakombo akasimama mlangoni. "Mgeni gani wewe, hutosheki? Nenda kwa zimwi, ndilo lililokufukuza!"

"Nimetoka huko, mama. Nimegonga ukuta mpaka nimechoka, hakuna aliyeniambia karibu. Umeniambia wewe."

Mwanakombo akawaamsha watoto, akakunja godoro, akaiachia chumba.

Hadithi inaishia hapo, kwa sababu nyumba yenyewe iliishia hapo.