Kadi Nyekundu za Waheshimiwa

Hapo zamani za kale, wanangu, kila mnyama alikuwa na televisheni sebuleni, na zote zilionyesha mpira tu. Mtangazaji alikuwa Kindi, mwili kiganja, mdomo debe.

Ukafika uchaguzi wa mkuu wa mto. Wagombea walikuwa Bwana Kiboko, Bwana Nyati, na Bi Digidigi, ambaye hata majirani walimsahau. Kiboko na Nyati waliapa kufunga sehemu ya kunywea maji, ili wanene wagaagae kwenye tope kwa raha zao. Kindi aliogopa kweli. Watoto wake wangekunywa wapi?

Hotuba za wagombea hazikuwa na wasikilizaji, kwa hiyo Kindi alipowaita kwenye kipindi cha michezo, walikuja mbio, puku puku puku, wakang'oa mlango.

"Waheshimiwa," Kindi akaanza, "mashabiki wanauliza: mnaheshimu sheria za mpira?"

"Nimezaliwa nazo!" Kiboko akanguruma.

"Mimi ndiye niliyezitunga!" Nyati akadakia.

"Hata kadi?"

"Hata kadi!" wakajibu wote wawili.

"Haya. Kati yenu, nani alisakata kabumbu zaidi?"

"Mimi! Nilikuwa winga," Kiboko akajigamba.

"Winga na tumbo hilo?" Nyati akaangua kicheko.

"Tumbo langu limekukosea nini, we mapembe?"

Pu! Kiboko akampiga kikumbo. Kacha! Kiti kikavunjika. Nyati akajibu kwa pembe. Maskini Bi Digidigi akapanda juu ya meza.

Priiii! Kindi akapuliza filimbi, akachomoa kadi nyekundu mbili. "Nje! Wote wawili!"

"Tunatoka," Kiboko akasema, akiichekea kamera. "Sheria ni sheria. Tutaonana Jumapili kwenye uchaguzi."

"Jumapili ipi, mheshimiwa? Mwenye kadi nyekundu hukosa mechi inayofuata."

"Ah! Ule ni uchaguzi, si mpira!"

Lo! Mashabiki wakawaka mtaa mzima. "Anakataa kadi! Anakataa kadi!" Shabiki utamdanganya kuhusu barabara, utamdanganya kuhusu shule, akupigie na makofi. Kadi usiiguse. Hata mke wa Kiboko alizomea, na mama yake Nyati akazima taa ili mwanawe asirudi nyumbani.

Jumapili, waheshimiwa wakiwa nje kwa kadi zao, Bi Digidigi akapita bila kupingwa.

"Sasa nifanye nini?" akamnong'oneza Kindi.

"Usifanye kitu, dada. Acha tu maji wazi."

Watoto wa Kindi wakanywa mpaka wakapata kwikwi.

Hadithi imefika mtoni, nami naishia hapo: mdomo huponza kichwa, hata kichwa kikiwa kikubwa namna gani.