Jina la Mtoto na Ufunguo wa Kisanduku

Sogeeni. Mwenye moyo mwepesi akae karibu na mlango, asije akatukanyaga akikimbia. Leo hakuna sungura wala fisi. Leo kuna watu watatu, kila mmoja na kipaji chake, na vipaji vyenyewe ndivyo vilivyotuponza.

Wa kwanza ni Gwakisa, mhandisi wa mjini. Kipaji chake ni kuchora. Alichora kisanduku cha kuwapa joto watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya wakati, cha mbao na balbu, akauweka mchoro mtandaoni bure: anayetaka achukue, atengeneze, abadilishe. "Joto si la watoto wa matajiri peke yao," alisema. Kasema vizuri, sivyo?

Wa pili ni Ambilikile, fundi wa redio na majokofu wa hapa hapa kwetu milimani. Kipaji chake ni kutokwama. Mchoro ulitaka swichi mbili za joto: ya kwanza izime balbu joto likizidi, ya pili ilinde, ya kwanza ikigoma. Madukani hakukuwa na hata moja. Akampigia Gwakisa simu. "Bosi, nina moja tu, nimeing'oa kwenye mashine ya kutotolea vifaranga. Nifanyeje?" Gwakisa akacheka. "Funga hiyo hiyo, fundi. Ukipata ya pili utaongeza." Akaifunga.

Wa tatu ni Atuganile, nesi wa wodi ya wazazi. Kipaji chake ni kuthubutu. Kisanduku hakikuwa na muhuri wa mtu yeyote, na mganga mfawidhi, mkuu wa kituo chetu cha afya, alikitazama mara moja tu akasema, "Hili ni banda la kuku." Lakini ilipokuja ile baridi ya kung'oa meno, mashine ya joto ya kituo ikiwa mbovu kama kawaida yake, Tusajigwe alijifungua njiti mdogo kama kiatu. Atuganile hakumuuliza mtu. Alimtia mtoto kisandukuni, akaingiza na mkono wake, akawa anapima joto kwa kiganja. Chai aliletewa pale pale.

Mtoto akapona. Mwe! Akanenepa mpaka shingo ikapotea. Bila mchoro fundi angetengeneza nini? Bila fundi, mchoro ungebaki picha. Na bila nesi, kile kisanduku kingewekwa vitunguu.

Sasa kwetu mtoto aliyeponea chupuchupu hapewi jina la babu. Hupewa jina la aliyemvuta kutoka huko alikokuwa anakwenda. Jina moja, la mtu mmoja. Tusajigwe akatangaza sherehe, na wale watatu wakaanza kufua nguo zao nzuri.

Kabla sherehe haijafika, Bupe naye akajifungua njiti. Safari hii hakuna aliyesema banda la kuku. Bupe mwenyewe aliomba, mikono kifuani: "Nesi, mtie wangu mle mle alimopona mwenzake."

Gwakisa alikuwa amepata habari kutoka mji mwingine kwamba swichi za mashine za vifaranga zina tabia ya kung'ang'ania, zikagoma kuzima. Aliandika onyo kwenye ukurasa wa mchoro, herufi nyekundu, akajiona amemaliza. Namba ya Ambilikile ilikuwa kwenye simu yake. Hakupiga.

Ambilikile alikuwa ameiona swichi ya pili dukani, imefika, imening'inia mbele ya macho yake. "Kitu kinafanya kazi, nikichokonoe cha nini?" alisema, akapita. Ule ukurasa wa mchoro hakuufungua tena.

Na Atuganile alimlaza mtoto, akafunika, akaenda kunywa chai na wenzake, akiwasimulia jinsi kisanduku kilivyomwokoa mtoto wa Tusajigwe. Siku ile alikiamini kisanduku kuliko kiganja chake.

Swichi ikang'ang'ania. Balbu hazikuzimika. Bupe alipokuja kunyonyesha, kifuniko alikifungua mwenyewe.

Mnadhani sherehe iliahirishwa? Thubutu! Ndizi zilikuwa zimeshamenywa. Watu walikula, na wale watatu wakagombana mbele ya mtoto wa Tusajigwe bila haya.

"Aitwe Gwakisa. Wazo ni langu."

"Wazo halina joto! Aitwe Ambilikile."

"Nyie mlikuwepo wodini?" akauliza Atuganile. "Mkono uliokuwa mle ndani ni wangu."

Hapo ndipo Bupe alipoingia. Hakuwa analia. Alikuwa amebeba msalaba mdogo wa mbao, mtupu, haujaandikwa kitu.

"Wangu nilimzika bila jina," alisema. "Kisanduku ni kile kile, mikono ni ile ile. Basi atakayempa mtoto huyu jina lake, ampe na wangu. Nitaliandika hapa, watu walisome wakipita."

Mngewaona! Gwakisa akasema yeye alichora tu, na onyo aliandika, aulizwe fundi. Ambilikile akasema yeye alifanya alichoambiwa, aulizwe nesi. Atuganile akasema hakutengeneza yeye swichi, aulizwe mchoraji. Waliokuwa wanasema "mimi" sasa wote wanasema "yeye."

Mganga mfawidhi naye, aliyekuwa amekaa karibu na nyama, akatoa ufunguo mfukoni. "Nimekifunga kile kisanduku kwa kufuli," alisema. "Sikivunji, maana kimeokoa. Sikifungui, maana kimeua. Atakayekubali jina ndiye nitakayempa ufunguo, na kuanzia leo kila mtoto atakayelazwa mle ni wake kumjibia." Akauweka mezani, katikati ya sahani. Hakuna aliyenyoosha mkono.

Msiniambie "wote watatu." Jina ni moja, msalaba ni mmoja, ufunguo ni mmoja. Na msiniambie "hakuna," kwa sababu mtoto wa Tusajigwe bado anaitwa "wewe," Bupe bado amesimama pale na msalaba wake, na wodini kuna mama ambaye uchungu umemshika kabla ya wakati, na nje baridi inazidi.

Je, wewe ungemkabidhi nani ufunguo? Na mama yule angekuwa dada yako, ungemkabidhi huyo huyo?