Fisi wa Chumba cha Mafaili

Niwamwagie?
Mwaga!
Vyombo mnavyo?
Masikio yetu!

Basi palikuwa na hospitali kubwa ya wanyama, yenye majengo saba. Mafaili ya wagonjwa wote yalikaa chumba kimoja, na mwenye chumba alikuwa Fisi. Aliyapanga kwa pua, akijua yeye tu lipi liko wapi. Mgonjwa akifika, Fisi husema, "Faili halionekani. Lakini likisikia harufu ya mchuzi, huenda likatoka." Mgonjwa hurudi nyumbani kupika.

Tembo, mkubwa wa hospitali, akaleta kompyuta, kila jengo yake, zimeunganishwa: linaloingizwa kwenye moja huonekana kwenye zote. Ya kwake Fisi aliifunika kitambaa cha kufuma, akaweka bakuli juu.

Asubuhi moja Mama Digidigi alimleta mwanawe, anapumua hii... hii... hii... Daktari Korongo akashika sindano, akasita.

"Mama, kuna dawa ilimvimbisha koo mwaka jana. Ni ipi?"

"Jina silijui, Daktari. Mliandika kwenye faili."

"Basi siwezi kubahatisha. Mwache hapa, kalilete."

Mama Digidigi akakimbia kwa Fisi.

"Shikamoo, mzee. Naomba faili la mwanangu."

"Marahaba. Halionekani. Lakini likisikia harufu ya mchuzi..."

Kupika ni kwenda na kurudi, na mtoto hana muda huo. Mama Digidigi akabuni hila.

"Kumbe hujasikia, mzee? Tembo anatafuta mkuu wa kompyuta zote, majengo yote saba. Atakayeingiza mafaili kwanza ndiye. Ngiri wa mapokezi ameshaanza, anawauliza wagonjwa na kuandika upya."

"Ngiri? Yule mla matope?"

Fisi akavuta kitambaa, bakuli likaanguka, bwaa! Akabonyeza kwa makucha, zikatoka herufi tano kwa mpigo.

"Kwato zangu nyembamba, mzee. Wewe soma, mimi nibonyeze. Tuanze na rafu ya watoto. Mafaili yao mepesi, tutampita Ngiri."

Chakacha! Faili likatoka. Ta-ta-ta! Likaingia. Chakacha! Ta-ta-ta! Kila jina lilipotajwa Mama Digidigi alitega sikio, lakini la mwanawe hakuliulizia. Angeliulizia, Fisi angeshtuka. Likatoka la tisa. Ndilo. Akabonyeza herufi moja moja, akarudia kusoma, asije akakosea.

Kule chumbani kwake Korongo akaliona kwenye kompyuta yake. Akaitua sindano aliyoishika, akachukua nyingine. Hii... hii... Kisha mtoto akapiga chafya, akaomba uji.

Habari zikamfikia mama, naye hakuinuka. Benchini walikuwepo watoto wengine, na rafu haijaisha. Chakacha! Ta-ta-ta!

Siku nyingi zikapita, mafaili yakaisha. Fisi akakimbia kwa Tembo.

"Nimemaliza! Mimi ndiye mkuu!"

"Mkuu wa nini, Fisi? Sasa kila daktari anajionea mwenyewe."

Fisi akarudi mlangoni pake, akangoja mgonjwa. Hakuja mtu.

Ngano yangu naitua hapa. Mwenye mikono aiokote. Na funzo lake, ukimuuliza Fisi, ni hili: mama mwenye mtoto mgonjwa asiseme uongo hata kidogo. Akae kwenye benchi, awe mpole, angoje aitwe.