Saa Sita ya Nani?

"Kosa la mezani halipiki yai." Mmeisikia methali hii hapa karakanani, mkacheka, na sasa mnataka kujua imezaliwa na nani. Haya, tulieni. Chanzo chake ni hiki.

Enzi hizo karakana yetu ya Singida ilikuwa chumba kimoja cha bati, na fundi Msaghaa mnayemwona alikuwa bado na nywele. Mpaka leo nikinusa risasi ya kuchomelea, moyo hunirudisha kule.

Basi, kicheche aliingia banda la jirani yetu, Mama Ntandu, akamaliza kuku wote. Yakabaki mayai. Kuku wale walikuwa mbegu aliyoachiwa na marehemu mama yake, na sasa hapakuwa na wa kuyaatamia. Msaghaa akamtengenezea kasha lenye taa ya joto, likiongozwa na kompyuta ndogo kama ukucha. Mama Ntandu akamwelekeza: bati la paa likipamba moto saa sita, taa izimwe, saa kumi iwashwe tena.

Mayai yakaletwa kwenye ungo. Msaghaa akakataa kuyapokea. Kwanza aliiendesha programu ya kasha lile kwenye kompyuta ya mezani, akaandika skripti fupi ya kuidanganya kwamba saa zinapita.

"Mwanangu, mayai yanapoa, nawe unacheza?" alilalamika Mama Ntandu.

"Vumilia, mama. Siku nzima itapita hapa kabla hujakaa."

Maandishi yakashuka kwenye kioo. Mchana wa jua kali: taa inawaka. Msaghaa akashika kichwa. "Mbona nimeandika izime saa sita!"

Mama Ntandu akachungulia. "Saa sita ya nani?"

Ndipo tukang'amua kosa. Kompyuta huhesabu kuanzia usiku wa manane. Sita yake ni saa kumi na mbili yetu ya asubuhi. Taa ingezimwa kwenye baridi ya alfajiri, iwashwe kumi yake, yaani saa nne yetu, na mayai yaive mchana kweupe.

Msaghaa aliona aibu mno. Mama Ntandu akacheka mpaka ungo ukatikisika. "Aibu ya nini? Umekosea mezani, na mayai yangu haya hapa, mabichi!"

Saa zikarekebishwa, mayai yakawekwa kashani, yakaanguliwa. Kuku mnaowafukuza mlangoni kila siku ni kizazi chao. Mama Ntandu alishatutoka, na ninamkumbuka mno. Lakini kila mara mmoja wenu anapoona haya kujaribu kazi yake mbele ya wenzake, namsikia akicheka na ungo wake: kosa la mezani halipiki yai.