Sinia la Watoto wa Mwerangi

Watoto wa Mwerangi walikuwa wamedumaa, na hakuna aliyejua kwa nini. Samaki walikuwapo. Nazi zilikuwapo. Muhogo ulijaa mashambani. Hata hivyo, mtoto wa miaka miwili alipowekwa kwenye mizani, uzito wake ulikuwa wa mtoto wa mwaka mmoja.

Kwa sababu hiyo, mpango mkakati wa nchi ulioandikwa na ofisi ya Tanga ya shirika moja la lishe ulirudishwa kutoka Dar es Salaam, kurasa zake zote mia moja na kumi na mbili. Mwenyekiti wa bodi, Bi Anastazia, alikuwa ameandika maneno machache juu ya jalada. Watoto hawa wanakula samaki kila siku na bado wamedumaa. Mkishindwa kutueleza sababu ndani ya siku thelathini, ofisi ya Tanga itafungwa na mpango utaandikwa na wengine.

Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Maana yake ni kwamba anayetaka jambo lililofichika hana budi kujishusha na kutaabika. Methali hii ni nyepesi mdomoni, lakini nzito kiunoni. Uweso, dereva wa shirika hilo, alikuwa ameisikia tangu darasa la pili, ila alikuwa bado hajamwona mtu mwenye cheo akiitii.

Mwenye cheo katika ofisi hiyo alikuwa Aliya binti Humaid, mwanamke wa miaka arobaini na mmoja aliyesoma hadi ng'ambo. Chumba chake cha kazi kilikuwa ghorofani, Raskazone, na dirisha lake lilitazama bahari. Ukoo wake ulitoka Omani zamani, na babu yake ndiye aliyemiliki minazi ya Mwerangi. Wazee wa kijiji hicho, kilichopo ng'ambo ya mto Pangani kabla hujafika Ushongo, walikuwa bado wanakumbuka jinsi baba zao walivyomkwelea babu huyo minazi, naye akipokea hesabu ya nazi akiwa juu ya punda, bila kushuka.

Kikao cha kuurekebisha mpango kilichukua siku mbili. Luqmani, mtaalamu wa takwimu, kijana mwenye akili kali kama wembe mpya, alishauri dodoso liongezwe maswali tisini. Wengine walitaka mbegu za mboga, wengine unga wenye virutubisho, wengine majokofu ya kuhifadhia samaki. Kila mmoja alivutia kamba upande wake. Jioni Aliya alipanda gari akiwa amechoka kama aliyetwanga mchana kutwa, akamuuliza Uweso yeye anaonaje.

"Bosi, mimi shule niliishia la saba, kwa hiyo nitasema kijinga," Uweso alijibu. "Nimewapeleka wataalamu Mwerangi miaka kumi na saba. Tunaazima viti shuleni, wanauliza, wanakunywa madafu, tunaondoka. Mimi hata gari sizimi. Lakini hakuna hata mmoja niliyemwona akila."

Aliya akamwambia kwamba kesho wataondoka na begi moja na mkeka mmoja, na viti visiazimwe.

Uweso hakuamini. Walipovuka mto kwa pantoni na kufika Mwerangi, aliegesha gari chini ya mnazi, akaacha injini ikinguruma kama kawaida yake. Alikwisha kumnong'oneza Luqmani kwamba bosi wao hatavumilia hadi Ijumaa.

Mwenyeji wao alikuwa Bi Mwanamkasi, mke wa mvuvi, bibi wa wajukuu sita waliokuwa wakilelewa katika ua wake. Aliya alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba bila tabasamu. Alipoeleza kwamba anaomba kukaa na kula nao kwa siku kadhaa, bibi huyo alimtazama kuanzia ukaya wa kichwani hadi viatu.

"Babu yako hakuwahi kushuka hapa, mwanangu," alisema. "Wewe utaweza kukaa chini?"

"Nipe kazi, bibi, ndipo uniulize."

Alipewa nazi nne na mbuzi ya kukunia. Aliya alijifunga kibwebwe, akaikalia mbuzi, akaanza. Nazi ya pili ilimteleza na meno ya mbuzi yakamchana kidole gumba. Wanawake walicheka hadi machozi. Mmoja alisema tui la leo litakuwa na damu ya mabwana. Aliya alicheka nao, akafunga kidole kwa kitambaa, akamaliza nazi zote nne. Uweso aliyaona hayo kutoka barazani. Akaenda kuzima gari.

Siku zikapita. Aliya aliteka maji kisimani, alipara samaki, alimenya muhogo. Magoti yalimvimba kwa kukaa mkekani. Lakini kila alipokula, aliona chakula cha kutosha. Katika ua ule watu hula katika masinia matatu. La wanaume huwekwa barazani, la wanawake jikoni, la watoto upenuni. Mgeni wa heshima kama Aliya aliwekwa na wanawake, akachaguliwa kipande kinono cha samaki changu. Kila siku bibi alitazama sinia la watoto likirudi jeupe, akasema, "Alhamdulillahi, wamekula wamemaliza." Aliya aliandika daftarini kwamba watoto wamekula samaki. Alijua kwamba neno hilo ndilo lililokwisha kuandikwa katika kurasa mia moja na kumi na mbili.

Siku ya kumi na mbili maji yalikuwa yamemfika shingoni. Luqmani alipiga simu kuuliza kama aanze kuchapa dodoso. Mchana ule, masinia yalipotengwa, Aliya aliinuka upande wa wanawake, akaenda upenuni na kukaa kati ya watoto.

Jikoni wanawake wakaacha kula. Pwani yote hujua kwamba mtu mzima hali sinia la watoto. Anayefanya hivyo huitwa mlafi, mtu aliyekosa haya, anayewavizia watoto kitoweo chao. Hata mama mzazi hathubutu. Bi Mwanamkasi alimwita kwa sauti ya chini arudi, asijiaibishe mbele ya watu. Mjukuu mkubwa, mvulana wa miaka kumi, aliwauliza wenzake, "Huyu shangazi kwao hakuna chakula?" Aliya aliona haya yakimpanda usoni kama moto wa makumbi ya nazi, lakini akapiga moyo konde, akanawa, akasema bismillahi.

Ndipo alipoona. Katikati ya sinia kulikuwa na bada, ugali wa muhogo, na juu yake samaki wawili na mchuzi. Mikono ya wakubwa ilishuka kama mwewe. Kabla hajahesabu hadi ishirini, samaki walikuwa wamebaki miiba. Samiha, mdogo wao wa miaka miwili, alikuwa amechota tonge moja la moto. Alilipuliza, akalilamba, akalipuliza tena. Alipolimeza na kunyoosha mkono, palikuwa na mchuzi tu ukingoni. Alipomeza la tatu, sinia lilikuwa jeupe. Samiha akalamba vidole, akatulia, maana hakuwahi kujua kuna zaidi.

"Alhamdulillahi, wamemaliza," alisema bibi kutoka jikoni.

"Wamemaliza, bibi," alijibu Aliya, na machozi yakamlengalenga. "Njoo uketi hapa kesho, uone nani amemaliza."

Bi Mwanamkasi alikataa. Keshokutwa yake alikuja, akajifanya amefuata kata ya maji, akasimama nyuma ya watoto hadi mwisho. Alimchukua Samiha, akaupima mkono wake kwa vidole viwili, na vidole vikakutana.

Luqmani alipopata habari, alifurahi na kuandika mara moja kwamba kila mtoto apewe sahani yake. Bi Mwanamkasi ndiye aliyelikata wazo hilo.

"Sahani ya peke yake hupewa mgonjwa, au mtoto anayechukiwa na mama wa kambo," alisema. "Jirani akiona, atasema nini? Msitutengee watoto. Maulidini kila sinia lina mtu anayegawa nyama. Basi na hili lipate mgawa kitoweo. Mimi nitakaa."

Akakaa. Alichambua miiba, akampa Samiha fungu lake kwanza, kisha akawagawia wengine. Wiki ile wanawake wa nyumba za jirani walimcheka kwamba uzee umemfanya mlafi. Wiki iliyofuata wawili kati yao walikuwa wamekaa kwenye masinia ya wajukuu wao.

Aliya aliandika mpango upya kwa siku saba. Mbegu, unga na majokofu alivibakiza, lakini alivisogeza nyuma. Ukurasa wa kwanza ulisema kwamba katika kila mkoa, kabla ya kuandika hata mstari mmoja, mpangaji akae chini na watoto wa hapo na kula nao hadi aone chakula kinaishia wapi. Bi Anastazia aliusoma mara mbili, akaupitisha kwa nchi nzima. Ofisi ya Tanga haikufungwa. Miezi sita baadaye Samiha alipimwa. Alikuwa ameongeza kilo mbili na nusu.

Uweso ndiye aliyempeleka Aliya kushuhudia mizani ile, na safari hiyo alizima gari kabla hata ya kulisimamisha sawasawa. Njiani alikuwa akihesabu moyoni gharama ya jambo lile. Siku kumi na tisa juu ya mkeka. Magoti mawili yasiyokunjika vizuri hadi leo. Kovu moja kwenye kidole gumba. Kurasa mia moja na kumi na mbili zilizotupwa. Na ami yake mmoja, Mutasim, aliyekata mguu, asikanyage tena nyumbani kwa Aliya, kwa kuona aibu kwamba binti wa Humaid amekula sinia moja na wajukuu wa wakwezi. Hiyo ndiyo bei aliyolipa Aliya, na hakupunguziwa hata chembe, kwa kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame.