Kwa Nini Kuku Mgeni Hufungwa Mguu

Hebu nijibu, wewe unayejua kila kitu: kuku akinunuliwa leo, kwa nini hufungwa kamba mguuni siku kadhaa kabla ya kuachiwa? Ati asipotee? Sorry, umefeli. Sikiliza.

Zamani zile kuku mgeni alikuwa VIP. Akifika tu, banda wazi, anakunywa maji ya wenyeji, analala katikati yao. Ndio ustaarabu! Na kila kiangazi kideri, ile tauni ya kuku, kikapita kikafagia: kinyesi cha kijani, shingo zimepinda, asubuhi kimya. Watu wakasema ni husuda. Hakuna aliyemtazama mgeni.

Katika kijiji kimoja cha milimani aliishi Nambua, ambaye bintiye alikuwa amerudi nyumbani kujifungua. Kuku wake tisa walikuwa wa supu ya mzazi, kila mmoja keshapangiwa siku. Wakifa, binti angeambulia uji mtupu.

Basi akaja mkwewe, Mzee Mbwambo, na zawadi ya majogoo wawili: mmoja wa Nambua, mmoja wa jirani yake Nakiete. Yule wa Nambua hakuwa na adabu hata chembe. Kabla ya kukaribishwa alirukia jikoni akapindua chungu cha makande.

"Ala! Umekuja kutembea au kuvamia?" Nambua akafoka. Akamfunga mguu kule nyuma ya choo, mbali na banda. Akawa anamlisha wa mwisho, wenyeji wakishashiba, tena katika kigae chake peke yake. Adhabu kamili.

Nakiete alipochungulia uani alicheka mpaka kanga ikamdondoka. "Dada, zawadi ya mkwe unaiweka jela? Mimi wangu nimemkabidhi mitetea yote!"

Siku ya tano majogoo wote wawili wakajikunyata, wanahema midomo wazi. Siku ya nane wa Nambua akafa. Nambua akamfukia kwenye shimo refu, akanawa mikono kwa majivu, akaenda bandani kuhesabu. Kuku tisa, wote wazima, wanagombania mchwa! Kwa Nakiete, banda zima lilikuwa limenyamaza.

Binti akajifungua pacha, supu ikanukia hadi bondeni. Nambua akampelekea Nakiete mtetea mmoja aanzie upya. Nakiete akashukuru kwa magoti, kisha akachomoa kamba.

"Hata wa kwangu unamfunga?"

"Dada, siku hizi nafunga hata malaika, maadamu ana mabawa."

Wakacheka hadi machozi.

Na tangu siku hiyo kuku mgeni hufungwa mguu, hula peke yake, hulishwa mwisho, na mwenye akili humwachia baada ya wiki mbili. Nambua aliyajua hayo kwa hasira ya makande, bila degree yoyote. Nanyi wakubwa wa mifugo, chanjo ya kideri mmeilaza kwenye friji, na vijana waliosomea kuku miaka mitatu mmewaacha wachakure vibarazani. Watoeni wote! Waajirini, wapeni chanjo, wafike mabandani kabla ya kiangazi. Kamba tumeshafunga sisi. Zamu yenu.