Mgeni Mwenye Sharafa

Sogeeni karibu, lakini msinikalie motoni. Mbwana, toa mguu wako kwenye kuni. Kibibi, wewe ndiye mgeni wetu leo, chukua kipande cha muhogo.

"Nimeshiba, Shangazi."

Umeshiba nini, na umeshuka garini alasiri hii hii? Haya, muhogo upo pale kwenye majivu, hauna pa kwenda. Tuanze. Paukwa!

"Pakawa."

Hiyo pakawa ni ya wagonjwa. Paukwa!

"Pakawa!"

Ndiyo hiyo sasa. Hapo zamani za kale, wakati kuku walipokuwa wakibisha hodi kabla ya kuingia jikoni, palikuwa na msichana akiitwa Mwatime. Aliishi na mama yake katika nyumba yenye ua mpana. Hakuwa na kaka, hakuwa na dada, hakuwa hata na paka. Akicheza kombolela, alijificha mwenyewe na kujitafuta mwenyewe.

Siku moja mwewe akapita juu ya ua akiwa amebeba kitu kinachofurukuta. Kikamponyoka, kikaanguka puu, juu ya lundo la makapi ya mtama. Mwatime akakimbilia. Akakuta mjusi. Tena si mjusi huyu wa ukutani anayekula mbu. Alikuwa mkubwa kama kiatu cha mtu mzima, ana miiba miiba isiyochoma, na chini ya kidevu alikuwa na sharafa.

"Sharafa ni nini, Shangazi?"

Ndevu, Mbwana, zile zinazozunguka mashavu hadi kidevuni. Ila zake zilikuwa za ngozi. Akivuta pumzi zinatuna, akitulia zinakuwa za manjano. Mjusi akajipangusa makapi, akasema, "Hodi hapa. Samahani kwa kuingia bila kubisha, nimeangushwa."

"Karibu, mgeni," akasema Mwatime, na moyo wake ukamdunda kwa furaha.

Mama akatoka jikoni, akamtazama mgeni, akamtazama mwanawe. "Mgeni ni baraka," akasema. "Lakini sikia, Mwatime. Kiumbe aliyeangukia uani kwetu akiwa mzima ni amana. Mjengee pa kukaa, mtunze. Nikiona anadhoofu nitamrudisha porini, na mwewe yule bado anazunguka."

Mwatime akatazama juu. Mwewe alikuwa anazunguka kweli. Akaapa moyoni kwamba Sharafa, maana ndivyo alivyomwita, hatarudi porini.

Sasa, Sharafa alikuwa amelelewa vizuri. Alilelewa vizuri kupita kiasi. Mama yake alimfunza hivi: ukienda kwa watu, ukipewa shukuru, ukiulizwa sema kwema, na neno *sitaki* liache kwenu. Kwa hiyo kila asubuhi Mwatime akimwamkia, waliimbiana hivi. Itikieni:

*Mgeni, mgeni, kwema huko?*
*Kwema, mwenyeji, kwema tu.*
*Umekula? Nimeshiba.*
*Umelala? Nimelala.*
*Kwema, mwenyeji, kwema tu.*

Mwatime akaanza kutafuta nyumba ya mgeni. Pembeni, chini ya upenu, alisimama Mtungi wa maji, mnene, mwenye maringo. Mtungi akasema, "Ni mimi tu, hakuna mwingine. Kwangu kivuli, kwangu baridi. Mgeni katoka juani, utampa nini kama si baridi?"

Na kweli, kule kwao jua lilikuwa kali, na mgeni akifika hupewa kivuli na maji ya mtungini kabla hajaulizwa jina. Mwatime akamwaga maji, akamtia Sharafa ndani ya Mtungi. Akamtupia na nyenje wengi wa kula, maana mgeni hapimiwi chakula.

Kumbe mjusi si mtu. Mtu analitafuta joto tumboni mwake, mjusi analitafuta kwenye jua. Bila jua, hata akila, chakula kinamlalia tu. Sharafa akakaa gizani, akajikunyata. Nyenje aliowaacha wakaanza wao kumtafuna yeye mkia. Tena Mtungi ana mdomo mwembamba, ufagio hauingii. Mgeni akawa analala pale pale anapo...

"Anapo nini, Shangazi?"

Unajua mwenyewe, usinichekeshe. Ukatoka harufu hadi barazani. Asubuhi Mwatime akainama mdomoni mwa Mtungi:

*Mgeni, mgeni, kwema huko?*

Na mgeni, huku meno yanagongana:

"*Kwema, mwenyeji, kwema tu.*"

Uongo mtupu! Lakini ncha ya sharafa yake ilikuwa imegeuka nyeusi. Mwatime akaiona, asielewe. Akadhani ni masizi. Kesho yake weusi ukapanda mashavuni. Akamgusa mgongo, akaukuta baridi kama samaki wa jana. "Mama, Sharafa ana baridi," akasema.

Akainamisha Mtungi ili amtoe. Mtungi akang'ang'ania heshima yake, "Mgeni ni wangu, haendi popote." Akabiringika, akagonga kizingiti, akavunjika pande mbili, Sharafa akatoka salama. Maringo yake yakaishia hapo.

"Sasa akamtia wapi?"

Ngoja, Kibibi. Unaona, kumbe una sauti.

Katikati ya ua lilikuwapo Debe. Debe akajipiga tumbo, ngo ngo ngo. "Niliwaambia, mkanidharau. Mgeni ana baridi, na mimi jua linaniwakia kutwa. Mlete kwangu uone."

Mwatime akamsugua Debe kwa majivu hadi akang'aa. Kisha akafanya wafanyavyo watu wa kwao wakimheshimu mgeni, humwagia ua mchanga mweupe. Akaenda mtoni, akachota mchanga laini, akaupepeta kwa ungo, akautandaza ndani ya Debe. Akamlaza Sharafa juu yake. Akammwagia na chakula humo humo.

Jua likapanda, Debe akapata moto kama kikaango. Sharafa akaenda huku, moto. Akaenda kule, moto. Akabaki ametanua mdomo, anahema. Alipomdaka nyenje, alimdaka na mchanga wake. Akala nyenje, akala mchanga, akala nyenje, akala mchanga, hadi tumbo likawa zito, na kitu hakitoki. Debe hana kifuniko. Paka wa jirani akaja kuchungulia, akatia mkono. Kivuli cha mwewe kikapita juu. Mwatime akamfukuza paka, akamtupia mwewe kijiti, akainama:

*Mgeni, mgeni, kwema huko?*
*Umekula?*

"*Nimeshiba,*" akasema Sharafa kwa sauti ndogo. "*Kwema, mwenyeji, kwema tu.*"

Na sharafa yote ilikuwa nyeusi tii.

Mwatime akamtoa. Akawa mlegevu mkononi, kichwa kinaning'inia. Mwatime akalia. Alilia kwa sababu alimpenda, na kwa sababu kila alichompa kilikuwa kizuri, na kila kizuri kilikuwa kinamuua. Mama akaja, akampapasa mjusi tumbo. Akasema, "Nikupe hadi jua lizame, mwanangu. Baada ya hapo tutamrudisha kwao."

Akamletea karai la maji ya uvuguvugu. Mwatime akamkalisha humo, maji yasifike kidevuni, akamsugua tumbo polepole kuelekea mkiani. Akasugua, akasugua, hadi mchanga ukatoka.

"Ukatokea wapi?"

Mbwana, wewe leo utalala nje. Ukatokea unapojua.

Mgeni akapata nafuu, lakini bado mnyonge, na ndevu bado nyeusi. Mwatime akawaza. Mdomo unasema kwema. Ndevu hazisemi kwema. Nani mkweli hapa? Akamweka chini uani, akakaa kitako karibu, asimwite, asimpe kitu, akawa anamtazama tu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumtazama mgeni bila kumkirimu.

Sharafa akajivuta. Akapanda juu ya figa la zamani lililolala juani, jiwe lile la jikoni, akajilaza bapa. Akakaa. Alipopata moto wa kutosha akashuka, akatambaa hadi kivulini, chini ya kigae cha Mtungi. Akakaa. Kisha akarudi kwenye figa. Na kila alipokwenda mwenyewe alikotaka, weusi ulififia kidogo.

"Kumbe anataka vyote viwili," akasema Mwatime. "Na anataka kuchagua mwenyewe."

Hapo akaondoka mbio. Akakata fito, akazifunga kwa kamba, akatengeneza kizimba kirefu, mgeni aweze kukimbia na kugeuka. Upande mmoja akaweka Figa, penye jua. Upande wa pili akakifudikiza kigae cha Mtungi, pakawa kibanda cha kivuli. Debe akamkata kitako, kikawa kisahani cha maji. Hakuna tena mchanga, akatandika kipande cha mkeka mkuukuu, kinachokung'utika na kufulika. Juu akafunga wavu, paka na mwewe watazame kwa macho tu.

Figa akauliza, "Na mimi nifanye nini?"

"Wewe kaa," akasema Mwatime.

"Kukaa naweza," akasema Figa.

Ufagio wa chelewa, uliokuwa umeegemea ukuta siku zote hizo, ukasema, "Mimi hamkuniuliza. Nyumba ni mimi. Nisipopita kila asubuhi, hata hiki kizimba kitakuwa mtungi." Mwatime akakubali. Kila asubuhi akafagia, akaosha kisahani, akabadilisha maji, akawatoa nyenje waliobaki. Mama akasema, "Na mikono uioshe ukimshika, kabla hujagusa ugali wangu. Na tonge lilingane na mdomo. Mdudu asizidi nafasi iliyo kati ya macho yake."

Jua lilipozama siku ile ya kwanza, sharafa ilibaki na ncha nyeusi tu. Mama akaitazama, akasema, "Haya, abaki." Zikapita siku, hata ncha ikawa ya manjano.

Basi hadithi ingeishia hapo kama si Bi Nasra. Bi Nasra alikuwa jirani mwenye mkono mpana, akisikia mgeni lazima apeleke sahani. Jioni moja akaja na sahani imefunikwa kawa. "Nimesikia mna mgeni wa mbali. Nimemletea kitoweo chenye taa yake." Akafunua kawa. Sahani nzima vimetameta, vinawaka, vinazima, vinawaka, vinazima.

Mama akafungua wavu. Sharafa akatazama sahani. Akasema, "Ahsante sana, mama." Akafungua mdomo. Na Mwatime, aliyekuwa kando, akaiona sharafa ikigeuka nyeusi ghafla, mashavu na kidevu, nyeusi kama sufuria.

Akaweka kiganja juu ya sahani.

"Mwatime," akasema Mama, "sahani ya jirani haizuiwi. Adabu yako iko wapi?"

Bi Nasra akabenua midomo. Mwatime aliona aibu, lakini mkono hakuutoa. Akainama kwenye kizimba. "Sharafa, usinijibu kama mgeni. Nijibu kama ndugu yangu. Unakitaka hiki?"

Sharafa akafumba macho. Akamkumbuka mama yake na mafunzo yake. Vimetameta vikawaka, vikazima. Kisha akasema neno ambalo hajawahi kulisema kwa watu.

"Sitaki."

"Hutaki?"

"Sitaki. Kimetameta ni sumu kwetu. Kimoja tu, nisingefika asubuhi."

Bi Nasra akakaa chini kwa kishindo. "Masalale. Na ulikuwa unafungua mdomo?"

"Nilikuwa nashukuru, mama."

Bi Nasra akaitwaa sahani yake, akaenda kuvimwaga vichakani, akarudi akikuna kichwa. Sharafa akazidi kupata ujasiri. Akasema na maji ya jana hayataki, na kuamshwa kabla ya jua hataki, na ule mtungi, kwa kweli, hakuupenda hata kidogo. Mwatime akacheka hadi machozi yakamtoka.

Mama akasubiri amalize. Akasema, "Huyu si mgeni tena. Mgeni hasemi sitaki. Anayesema sitaki ni mtu wa nyumbani. Mwatime, mpe jembe."

Na jembe lake ndilo hili. Kila asubuhi, akishaota jua, Mwatime alimtoa nje huku akimwangalia, naye akawala nyenje wote waliokuwa wakitoboa majani ya maboga ya Mama. Na wimbo wao ukabadilika. *Kwema huko?* aliulizwa. Siku nyingine alijibu kwema. Siku nyingine alijibu, *Si kwema, badilisha maji.*

Kwa hiyo, watoto, mtu ukimpenda usimpe unachokipenda wewe, mtazame umpe kinachomfaa. Na mgeni muulize kwa mdomo, kisha mtazame ndevu.

"Na asiye na ndevu?"

Mtazame uso, Mbwana. Hadithi yangu imeishia hapo, nimeifunikia wavu, atakayeitaka kesho aje na ufagio. Sasa, Kibibi. Tangu nianze unautazama ule muhogo. Nijibu kama mtoto wa humu ndani. Unataka?

"Nataka, Shangazi."

Chukua.

"Huo sitaki. Nataka ule ulioungua pembeni."